Ndui na Watu Waliouliza

Wajukuu wangu, sogeeni. Leo sungura na fisi wapumzike. Nitawasimulia habari za adui ambaye hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumwona, na kila nikiwatazama usoni namshukuru Mungu kwa hilo. Jina lake ni ndui.

Mgonjwa wa ndui alianza kwa homa kali na maumivu ya mgongo. Baada ya siku mbili tatu homa ilishuka, watu wa nyumbani wakadhani amepona, kumbe ndipo vipele vinaanza: kwanza kinywani, halafu usoni, mikononi, miguuni, mpaka kwenye viganja na nyayo. Vipele vilijaa maji, na maji yakageuka usaha. Aliyejaliwa kuishi, vipele vyake vilikauka vikawa magaga, na magaga yalipobanduka yaliacha vishimo usoni ambavyo mtu alizikwa navyo. Wengine walibaki vipofu. Katika kila watu kumi walioshikwa na ndui kali, watatu hivi walikufa, wala hapakuwa na dawa ya kuwaponya. Inakadiriwa kuwa katika karne ya 20 peke yake ndui iliua watu wapatao milioni 300.

Ilisambaa kwa pumzi, mtu kwa mtu, kwa hiyo ilikwenda popote walipokwenda watu. Huku kwetu, katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyopanda bara na kuteremka pwani ilitembea nayo. Katika miaka ya 1890 Wamasai walikuwa wamekwisha kupoteza ng'ombe wao kwa sotoka, na ndui ikawakuta wakiwa na njaa. Wala haikujali cheo. Kaisari Shunzhi wa Uchina alikufa kwa ndui mwaka 1661, na mfalme Louis XV wa Ufaransa mwaka 1774.

Leo ndui haipo. Sisemi imepungua, nasema haipo. Hakuna mtu hata mmoja anayeiugua, katika nchi yoyote. Nataka mjue ilivyoondoka. Wengi wakisimulia kisa hiki huanzia Uingereza mwaka 1796. Mimi naona kufanya hivyo ni kuwadhulumu watu wengi waliotangulia, basi nitaanzia mbali zaidi.

Kila mahali ndui ilipofika, watu waliona jambo moja: aliyeugua akapona haugui tena. Anaweza kumuuguza mwanawe, akalala naye chumba kimoja, akamfulia nguo, asishikwe. Akina mama waliliona hilo Uajemi, wakaliona Bengal, wakaliona Sudan. Basi wapo watu ambao wakiona jambo hupita zao, na wapo ambao husimama wakauliza: kwa nini iwe hivyo?

Mmoja wa waliosimama ni tabibu Abu Bakr Muhammad ibn Zakariya al-Razi, aliyezaliwa karibu mwaka 865 katika mji wa Rayy, Uajemi, na kufanya kazi katika hospitali za Rayy na Baghdad. Siku hizo homa yoyote yenye vipele iliweza kuchanganywa na nyingine. Ndui na surua zote ziliwapata watoto, zote zilileta homa, zote zilileta vipele. Al-Razi alikaa kando ya vitanda vya wagonjwa, akaangalia, akauliza maswali, akaandika. Akaona kwamba mgonjwa wa ndui hulalamika zaidi mgongo, na mgonjwa wa surua huhangaika na kuona kichefuchefu zaidi. Akatunga kitabu kizima kuhusu magonjwa hayo mawili na namna ya kuyatenganisha. Kitabu hicho kilisomwa kwa Kiarabu, kikatafsiriwa Ulaya, na madaktari walikuwa bado wanakitumia miaka mia nyingi baada ya yeye kufa.

Akauliza pia: kwa nini mtu haugui ndui mara mbili? Alijibu kwamba damu ya mtoto ina unyevu mwingi, nayo huchachuka jinsi maji ya zabibu yanavyochachuka, na ikishachachuka mara moja imekomaa, haichachuki tena. Jibu hilo lilikuwa kosa. Al-Razi hakuwa na hadubini, wala hakuna mtu wa zama zake aliyejua kuwa duniani kuna virusi. Lakini nampenda mtu huyu kwa sababu nyingine. Matabibu wa wakati wake walimfuata Galen, tabibu wa Kigiriki aliyeishi zaidi ya miaka 600 kabla yao, na maneno ya Galen yalikuwa hayaguswi. Al-Razi akaandika kitabu cha kueleza mahali anapomtilia shaka. Alimheshimu Galen kama mwalimu wake, akasema hivyo wazi, kisha akamsahihisha.

Sasa twende Uchina. Huko, katika karne ya 16, matabibu walikuwa wamekwisha kupiga hatua ambayo Al-Razi hakuifikia. Walijiuliza: ikiwa kuugua mara moja kunamkinga mtu, je, hatuwezi kumpa mtoto ndui ndogo, kwa makusudi, akiwa mzima na ameshiba, ili asije akapata ile kubwa? Walimtafuta mgonjwa ambaye ndui yake ilikuwa nyepesi. Wakachukua magaga yake makavu, wakayatunza kwa muda, wakayasaga yakawa unga, na unga ule wakampulizia mtoto puani kwa kijiti chenye tundu. Mtoto akapata homa na vipele vichache, akapona, akawa amekingwa. Kule kuyatunza magaga kulikuwa na maana kubwa. Leo tunajua kuwa muda ulipunguza nguvu ya virusi vilivyomo. Wao hawakuvijua virusi, ila walikuwa wamejaribu magaga mapya na ya zamani, wakaona yapi yanaua na yapi hayaui.

Mtoto wa yule Kaisari Shunzhi, aliyeitwa Kangxi, alirithi kiti akiwa mdogo sana, na sababu mojawapo ya kuchaguliwa yeye ni kwamba alikuwa amekwisha ugua ndui akapona. Alipokuwa mtu mzima aliamuru watoto wake wakingwe kwa njia hiyo. Mwaka 1742 serikali ya Uchina ilichapa kitabu kikubwa cha tiba chenye maelekezo ya njia hiyo.

Huko Bengal, India, walifanya kwa namna nyingine. Kabla ya majira ya ndui kufika, watu wenye kazi hiyo walizunguka vijijini, wakamkwaruza mtoto mkononi kwa chuma chenye ncha, wakaweka juu ya mkwaruzo pamba yenye usaha uliotunzwa tangu mwaka uliopita. Mwingereza aitwaye Holwell, aliyeishi Bengal muda mrefu, aliwaeleza madaktari wa London habari hizi mwaka 1767. Na Sudan palikuwa na desturi ya kuinunua ndui: mama alikwenda kwenye nyumba yenye mtoto anayeugua, wakaelewana bei, kisha akarudi kwa mwanawe na kitambaa kilichofungwa kwenye mkono wa mgonjwa.

Sasa tulieni, kwa maana hapa ndipo penye kisa ambacho natamani kila mtoto wa Afrika akijue.

Mwaka 1706, katika mji wa Boston, Marekani, waumini wa kanisa moja walimnunua kijana Mwafrika wakampa mchungaji wao, Cotton Mather, awe mtumwa wake. Mather alimwita Onesimus, jina la mtumwa anayetajwa katika Biblia. Jina alilopewa na wazazi wake halikuhifadhiwa. Siku moja Mather alimuuliza kama amewahi kuugua ndui. Onesimus akajibu: ndiyo na hapana. Akaeleza kwamba kwao walimchanja, wakamtia kidogo kitu cha ndui, na tangu hapo hawezi kuugua maisha yake yote. Akakunja nguo akamwonyesha kovu mkononi.

Mather alikuwa na watumwa, na hilo hatumfichii. Ila siku hiyo alifanya jambo jema: alisikiliza. Kisha hakutosheka na maneno ya mtu mmoja. Aliwatafuta Waafrika wengine wa Boston akawauliza kila mmoja, na wote wakamweleza habari ile ile. Mwaka 1716 aliiandikia Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, akiwaeleza alichofundishwa na Onesimus. Mwaka huo huo Onesimus alitoa fedha za kusaidia kununua mtu mwingine wa kushika kazi yake, Mather akamwachia, ingawa si kwa uhuru kamili.

Miaka mitano ikapita. Mnamo Aprili 1721 meli kutoka visiwa vya Karibi iliingia bandarini Boston, na ndani yake mlikuwa na ndui. Mather akawaandikia madaktari wa mji wajaribu njia ya Waafrika. Wakakataa. Daktari William Douglass, ambaye peke yake mjini alikuwa na shahada ya udaktari, aliidharau habari hiyo kwa sababu ilitoka kwa Waafrika. Akakubali mtu mmoja tu, Zabdiel Boylston, tabibu asiye na shahada yoyote. Tarehe 26 Juni Boylston aliwachanja watu watatu: mwanawe Thomas, mwenye umri wa miaka sita, na watumwa wake wawili, mmoja mtu mzima na mwingine mtoto mdogo. Watumwa hao hakuna aliyewauliza kama wanakubali. Wote watatu wakapona.

Mji ukakasirika. Watu wakasema Boylston anaeneza ugonjwa kwa makusudi, akalazimika kujificha. Usiku mmoja wa Novemba mtu alirusha bomu la moto ndani ya nyumba ya Mather kupitia dirishani. Bahati njema halikulipuka. Boylston akaendelea kuchanja, na akafanya jambo ambalo ndilo lililomshindia hoja: alihesabu. Ugonjwa ulipokwisha, hesabu ilikuwa hivi. Katika Boston, mji wa watu 11,000 hivi, karibu watu 6,000 waliugua ndui kwa njia ya kawaida, na 844 wakafa. Boylston aliwachanja watu zaidi ya 240, wakafa sita. Chukueni kalamu mgawanye. Kwa wale wa kwanza ni watu 14 katika kila 100. Kwa waliochanjwa hawafiki watatu.

Nambari hizo hazikujali nani ana shahada na nani hana. Na mtu aliyeleta maarifa yake Boston alikuja akiwa ameuzwa.

Mwaka huo huo wa 1721, ng'ambo ya bahari, habari ya kuchanja ilikuwa inaingia London kwa mlango mwingine. Lady Mary Wortley Montagu alikuwa mke wa balozi wa Uingereza Uturuki. Ndui ilikuwa imemuua kaka yake, ikamharibu yeye uso na kumwondolea kope. Mwaka 1717 alimwandikia rafiki yake kwamba huko Uturuki kuna wanawake wazee ambao kila mwaka, joto likipungua, hupita kwenye nyumba za watu na usaha wa ndui ndani ya ganda la kokwa, wakawachanja watoto kwa sindano. Hakuishia kuandika. Mwaka 1718 alimpa mmoja wa wazee hao mwanawe wa kiume amchanje, na alipofika London akamchanja na binti yake.

Wakubwa wa London wakataka ushahidi zaidi, na njia waliyoichagua inahuzunisha. Waliwachukua wafungwa sita wa gereza la Newgate, wakawaahidi kuwaachia huru wakikubali kuchanjwa. Wote sita waliishi. Kisha mmoja wao, msichana Elizabeth Harrison, alipelekwa mji wa Hertford uliokuwa na ndui, akawauguza wagonjwa. Hakuugua. Kwa upande wa elimu, hilo lilikuwa jaribio zuri, kwa sababu hupimi kinga mpaka mtu akutane na ugonjwa wenyewe. Kwa upande wa utu, ni vibaya kumwambia mfungwa achague kati ya ndui na jela. Leo sheria haziruhusu, na ni vizuri haziruhusu.

Sasa ndipo tunafika kwa Edward Jenner, ambaye vitabu vingi huanzia kwake. Alizaliwa mwaka 1749 Berkeley, Uingereza, na akiwa mtoto wa miaka minane alichanjwa kwa njia ile ile iliyotoka Uturuki. Njia hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Waliochanjwa walipata ndui kweli, ingawa ndogo, na mmoja katika kila 50 hivi alikufa. Tena aliyechanjwa aliweza kuwaambukiza jirani zake ndui kamili. Jenner alipokuwa daktari wa shamba alisikia wakulima wakisema kwamba wanawake wanaokamua ng'ombe hupata vipele vya ng'ombe mikononi, ugonjwa mwepesi usioua, na baada ya hapo hawaugui ndui. Wakulima walilijua jambo hilo vizuri. Mmoja wao, Benjamin Jesty, mwaka 1774 alikuwa amekwisha kuwachanja mkewe na wanawe wawili kwa usaha wa ng'ombe, akitumia sindano ya kufumia soksi.

Tarehe 14 Mei 1796 Jenner alichukua usaha kwenye mkono wa mkamuaji Sarah Nelmes, akamchanja James Phipps, mtoto wa miaka minane wa mtunza bustani wake. James akapata homa kidogo akapona. Tarehe 1 Julai Jenner akamchanja tena, safari hii kwa usaha wa ndui yenyewe, kwa njia ya zamani. Hakikutokea kitu.

Tazameni vizuri hapo. Jenner alijuaje kuwa James amekingwa? Alijua kwa sababu kuchanja kwa ndui kulijulikana kote, na kila daktari alijua kidonda chake huwaje kwa mtu asiye na kinga. Njia ya Wachina, Wahindi, Waafrika na Waturuki ndiyo iliyokuwa kipimo cha njia mpya. Jenner anastahili sifa zake, maana alijaribu, akaandika, mwaka 1798 akachapa, akawagawia wengine bure alichokijua. Lakini alisimama mahali palipokuwa pamejengwa na wengi.

Chanjo mpya ikaenea haraka, ikakutana na tatizo: usaha wa ng'ombe uliharibika njiani. Mwaka 1803 daktari wa Kihispania Francisco Javier de Balmis alipotaka kuuvusha bahari ya Atlantiki, alipakia melini wavulana yatima 22. Aliwachanja wawili wawili; vipele vya wawili vikiiva, usaha wake unachanjiwa wawili wengine, hivyo hivyo mpaka Amerika. Aliyewatunza watoto hao ni mwanamke aitwaye Isabel Zendal. Chanjo ilivuka bahari ikiwa hai mikononi mwa watoto wa umri wenu na wadogo wenu.

Katika nchi za joto tatizo hilo lilidumu mpaka miaka ya 1950, Leslie Collier wa Uingereza alipopata namna ya kuikausha chanjo ikae miezi bila barafu. Katika miaka ya 1960 Mmarekani Benjamin Rubin akatengeneza sindano yenye ncha mbili, ambayo hata mtu asiye daktari aliweza kufundishwa kuitumia kwa muda mfupi.

Mwaka 1958 Viktor Zhdanov, kutoka Umoja wa Kisovyeti, alisimama mbele ya mkutano wa Shirika la Afya Duniani akasema ndui inaweza kufutwa duniani kote. Mwaka 1967 shirika hilo likaanza kazi kwa nguvu zake zote. Mwaka huo peke yake wagonjwa walikadiriwa kuwa kati ya milioni 10 na 15. Umoja wa Kisovyeti na Marekani, waliokuwa mahasimu wakubwa, wote walitoa chanjo.

Mwanzoni mpango ulikuwa kumchanja karibu kila mtu. Lakini mwishoni mwa mwaka 1966, mashariki mwa Nigeria, daktari William Foege alijikuta na wagonjwa wa ndui na chanjo haba. Akawaomba wamisionari wenye redio za mawasiliano watume watu kila kijiji waulize: kuna mwenye ndui? Wakaweka alama kwenye ramani. Kisha chanjo ile haba ikapelekwa palipo na wagonjwa na mahali ambapo ndui ingefuata, na ugonjwa ukakatika kabla nusu ya watu hawajachanjwa. Sababu yake ni hii: ndui iliishi kwa binadamu tu, haikujificha kwa panya wala mbu, na mgonjwa wake alionekana kwa macho. Ukiwachanja wote wanaomzunguka, virusi havina pa kwenda. Njia hiyo ikatumika nchi baada ya nchi. Huko India wafanyakazi walipita nyumba kwa nyumba na picha ya mtoto mwenye ndui, wakiuliza, "Umemwona mtu wa namna hii?" Mwaka 1975, katika kisiwa cha Bhola nchini Bangladesh, mtoto Rahima Banu alikuwa mgonjwa wa mwisho wa ndui kali. Aina nyepesi ikabaki pembe ya Afrika.

Hapo sasa habari inarudi jirani yetu. Marka ni mji wa pwani ya Somalia, kati ya Mogadishu na Barawa, ile Barawa ya wasema Chimwiini, ndugu ya Kiswahili. Mwezi Oktoba 1977 gari lilifika hospitali ya Marka likiwa na watoto wawili wenye ndui, kutoka kambi ya wafugaji. Dereva hakujua njia ya kwenda mahali pa kuwatenga wagonjwa. Mpishi wa hospitali, Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, akapanda kumwelekeza. Safari yenyewe ilikuwa ya dakika chache. Ali hakuwa amechanjwa, ingawa alifanya kazi hospitalini. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba aliogopa sindano. Mmoja wa watoto wale, msichana wa miaka sita, Habiba Nur Ali, alifariki.

Siku kumi baadaye Ali akapata homa. Wakamtibu malaria. Vipele vikatoka tarehe 26 Oktoba, wakadhani tetekuwanga, akarudishwa nyumbani, na rafiki zake wengi wakaja kumjulia hali. Mwisho muuguzi mmoja akatoa taarifa, na ikathibitika kuwa ni ndui. Wafanyakazi wa afya waliwatafuta watu 161 waliokutana na Ali, mmoja mmoja. Katika wiki mbili walichanja watu 54,777 Marka na viungani mwake. Ali alipona, na hakuna mwingine aliyeugua.

Watafutaji waliendelea kuzunguka Somalia, Ethiopia, Kenya na Djibouti kwa miaka miwili wasimwone mgonjwa. Mwaka 1978 virusi vilivyohifadhiwa kwenye maabara ya Birmingham, Uingereza, vilimuua mpiga picha Janet Parker, jambo lililoonyesha kwa nini haifai kuvitawanya maabara nyingi. Oktoba 1979 wataalamu walikutana Nairobi kuukagua ushahidi wa nchi zetu. Tarehe 8 Mei 1980 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulitangaza rasmi kuwa ndui imekwisha. Virusi vyake sasa vimewekwa mahali pawili tu panaporuhusiwa, maabara moja Marekani na nyingine Urusi.

Ali Maow Maalin alitumia miaka yake ya baadaye akiwachanja watoto wa Somalia dhidi ya polio. Wazazi waliokataa aliwaeleza habari zake mwenyewe, jinsi alivyokwepa sindano na yaliyompata. Alifariki kwa malaria tarehe 22 Julai 2013, akiwa katika kazi hiyo hiyo.

Nina ombi, wajukuu wangu. Wapo bado wazee waliochanjwa ndui, wengine wana kovu la mviringo mkononi, na wachache waliwahi kuwaona wagonjwa kwa macho yao. Likizo hii chukueni daftari mwende kwa bibi na babu zenu. Waulizeni walichanjwa wapi, mwaka gani, na nani aliyewachanja. Waulizeni kama nyumbani kwao kuna aliyeugua, na watu walifanya nini kabla chanjo haijafika. Andikeni kama mnavyoambiwa, na majina ya mahali msiyaache. Hao wanapungua kila mwaka, na mengi wanayoyajua hayajaandikwa.